Msamaha wa ada haukutufikisha hospitali

Mama yangu alipotoka hospitali baada ya kupata kiharusi, upande wake wa kulia ukiwa umelegea na jicho moja likiwa tayari limefunikwa na mtoto wa jicho, tulikabidhiwa kadi ya kliniki na kuambiwa kwamba kwa umri wake na kwa hali ya kipato cha familia yetu hatatozwa chochote kumwona daktari. Tulishukuru, na tulikuwa na kila sababu ya kushukuru, kwa maana tulikwisha kuuza mifugo karibu yote ili kugharamia siku zile za mwanzo. Hata hivyo, katika mwaka uliofuata mama alikosa kliniki nyingi kuliko alizohudhuria. Hakuna aliyemfukuza dirishani wala aliyemdai ada. Kati ya kitanda chake na dirisha lile palikuwa na mambo mengi ambayo msamaha haukuyagusa, nasi ilituchukua muda mrefu kuyatambua, kuyataja moja moja na kuanza kuyapunguza. Ninayaandika kwa ajili ya mtu anayeishi kijijini na mzazi mzee, ndugu au jirani mwenye ulemavu, ambaye ameambiwa kuwa huduma ni bure na bado haelewi kwa nini mgonjwa wake haipati.

Nyumba yetu iko mbali na barabara inayopitika kwa gari, kwa hiyo safari ya mama ilianza kwa kubebwa. Vijana wa jirani walimkalisha kwenye kiti cha plastiki, wanne wakashika miguu ya kiti, na wa tano akatembea nyuma akimshikilia mabega ili asiangukie upande uliolegea. Gari la abiria halimngoji mtu anayehitaji muda wa kupandishwa, na likimngoja, abiria wengine huguna, naye husikia. Tukawa tunakodi gari zima. Wasindikizaji walikuwa wawili, kwa sababu mmoja hawezi kumwinua peke yake bila kumwumiza yeye au kujiumiza mgongo, na kila msindikizaji alipoteza kibarua cha siku hiyo. Tukifika tumechelewa, foleni ilikuwa imefungwa, na hapo ndipo gharama ya kulala ilipoongezeka juu ya nyingine zote. Nilipoketi siku moja na kuandika kila kitu kwenye daftari, niliona kwamba ada tuliyosamehewa ilikuwa sehemu ndogo kuliko zote.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2022 kuhusu usawa wa afya kwa watu wenye ulemavu, linakadiria kuwa watu bilioni 1.3, yaani takriban mmoja kati ya kila sita duniani, wana ulemavu mkubwa, na linaeleza kuwa usafiri usiofikika na usiomudika huwatatiza mara 15 zaidi ya wasio na ulemavu. Mtu yeyote aliyewahi kushika mguu wa kiti kile cha plastiki ataiamini takwimu hiyo bila kuonyeshwa hesabu zake. Ninaitaja hapa kwa sababu wahusika wengi wa huduma za afya niliozungumza nao walidhani kwamba wakishaondoa malipo ya dirishani wamemaliza kazi, na inasaidia kuwa na kauli ya shirika linaloheshimiwa unapowaeleza kwamba bado.

Mwaka 1994 watafiti wawili waliochunguza vifo vya wajawazito walieleza ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta matibabu, kuchelewa kufika kituoni, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Ufafanuzi huo ulitungwa kwa ajili ya uzazi, lakini kwangu umekuwa msaada mkubwa katika kumwuguza mama, kwa kuwa unamlazimisha mtu aseme ni wapi hasa mgonjwa wake amekwama. Tofauti ni kwamba mwenye maradhi ya kudumu huvipita vizuizi hivyo vitatu mwezi baada ya mwezi, na kila mwezi familia huwa imechoka zaidi kuliko mwezi uliotangulia.

Kuhusu kizuizi cha kwanza nitasema machache tu, ingawa ndicho kilichotuumiza mapema. Mama alianza kuzungumza maneno yaliyovurugika jioni, na nyumbani wakaona ni uchovu, akalazwa hadi asubuhi. Ipo dawa ya kuyeyusha bonge la damu lililoziba mshipa wa ubongo, nayo hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, baada ya picha ya kichwa kuonyesha kuwa tatizo si damu iliyovuja. Kwa anayeishi mbali, muda huo unaweza kwisha barabarani, sembuse kulala hadi asubuhi. Watu wote wa nyumbani, pamoja na watoto wanaokaa na bibi mchana, wafundishwe dalili tatu: mdomo kupinda upande mmoja, mkono mmoja kushindwa kubaki juu ukiinuliwa, na maneno kutoka ovyo. Ukiona hata moja kati ya hizo, andika saa ambayo mgonjwa alionekana mzima kwa mara ya mwisho na mwondoke, kwa sababu swali la kwanza la daktari litakuwa hilo la saa.

Tuliporuhusiwa kurudi nyumbani tulipewa dawa na karatasi, lakini hakuna aliyetuonyesha namna ya kuishi na mtu asiyeweza kujigeuza. Leo ningemshauri kila msindikizaji asitoke wodini kabla muuguzi hajamwonyesha kwa vitendo, naye akarudia mbele ya muuguzi huyohuyo, jinsi ya kumgeuza mgonjwa, kumwinua, kumwogesha na kumlisha. Asiyejigeuza kitandani anahitaji kugeuzwa angalau kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na ngozi yake ikaguliwe kila siku pale mfupa unapokaribia juu: visigino, nyonga, viwiko na sehemu ya chini ya mgongo juu kidogo ya makalio. Vitabu vingi husema utafute wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani vizuri, kwa hiyo gusa, na uangalie palipobadilika rangi, palipo na joto kuliko pembeni, palipokuwa pagumu au panapomwuma. Akikohoa kila anapokunywa, huenda kumeza kumeathirika na kinywaji kinaingia njia ya hewa. Mketishe wima kabisa wakati wa kumlisha na umweleze mtaalamu haraka, kwa sababu nimonia ya namna hiyo huwaua wengi waliokwisha kunusurika na kiharusi chenyewe.

Jambo lililotufundisha kuliko yote lilikuwa la maji. Kwa miezi mingi, kila mama alipopimwa kliniki, presha yake ilikuwa juu, na kila mara daktari alimwongezea dawa. Nyumbani, kinyume chake, alilalamika kizunguzungu asubuhi, na hatimaye akaanguka alipojaribu kusimama kwa kushika ukuta, tukashukuru kwamba hakuvunjika nyonga. Sisi tulidhani ni kiharusi kinarudi. Aliyegundua ukweli hakuwa daktari wala mimi. Alikuwa mhudumu wa afya ya jamii, binti wa kijijini aliyepewa mafunzo na kipimo cha presha, ambaye alikuja kumtazama baada ya kusikia ameanguka. Alimpima akiwa ameketi, kisha akamsaidia kusimama na kumpima tena baada ya dakika chache, akaona namba ya juu imeshuka kwa zaidi ya 20. Akarudisha kipimo kwenye mfuko, akaketi kwenye mkeka usawa wa macho ya mama, akamwuliza taratibu:

“Bibi, siku ya kwenda kliniki unameza dawa zako saa ngapi?”

“Simezi, mjukuu wangu,” mama akajibu. “Nikizimeza nitakojoa wapi?”

Maelezo yote yalikuwa ndani ya jibu hilo. Mojawapo ya dawa zake ilikuwa ya kuongeza mkojo, na kwa kuwa jicho halikumwezesha kutofautisha kidonge kimoja na kingine, siku ya safari aliviacha vyote. Tangu jioni ya kuamkia safari hakunywa hata maji. Garini hapakuwa na namna ya kujisaidia. Hospitalini vyoo vilikuwa vya kuchuchumaa, ambavyo mtu mwenye mguu mmoja uliolegea hawezi kuvitumia, na choo kilichoandikwa kuwa ni cha wenye ulemavu kilikuwa kimefungwa kwa kufuli na ndani yake kumehifadhiwa mafagio na ndoo. Mama yangu, mwanamke aliyejitunza maisha yake yote, alikuwa amechagua kiu kuliko fedheha, na hakumwambia mtu. Kwa hiyo kliniki ilimpima katika siku pekee ya mwezi ambayo hakuwa na dawa mwilini, ikaona presha imepanda, ikamwongezea kipimo cha dawa. Naye akirudi nyumbani akameza kipimo hicho kikubwa kikamilifu, presha ikaporomoka, akaanguka. Kila aliyemtibu alifanya lililo sahihi kwa namba iliyokuwa mbele yake. Safari ndiyo iliyoivuruga namba.

Tangu siku ile naamini kwamba choo ni sehemu ya matibabu, na kwamba anayepanga huduma za wazee bila kuuliza habari za choo hajazipanga. Tulimwomba seremala atoboe kiti imara cha mbao na kuweka ndoo yenye mfuniko chini yake, tukawa tunakibeba garini pamoja na shuka la kumsitiri. Tulimweleza daktari yote, naye akabadilisha vipimo vya dawa na kutuelekeza saa ya kuimeza ile ya mkojo siku ya safari. Sharti uamuzi huo utoke kwa daktari mwenyewe, kwa sababu kuacha au kusogeza dawa za presha kwa kubahatisha kunaweza kuleta kiharusi kingine. Dawa tukazigawa kwenye vikopo vyenye alama zinazoshikika kwa vidole, uzi mmoja kwa za asubuhi na nyuzi mbili kwa za jioni, ili asitegemee jicho.

Ukweli huo haukuchelewa kwa sababu ya usiri wa mama peke yake. Katika kila chumba cha daktari tulichoingia, maswali yalielekezwa kwangu. Anakulaje? Analalaje? Anameza dawa? Nami nilijibu, kwa nia njema, mambo ambayo sikuyajua. Kiharusi kilikuwa kimemfanya azungumze polepole, na chumba kilikuwa na haraka. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unasema katika kifungu chake cha 25 kwamba mtu mwenye ulemavu apewe huduma zenye ubora uleule wanaopewa wengine, kwa ridhaa yake mwenyewe baada ya kuelezwa. Siku hizi, tukiingia kwa daktari, ninaketi nyuma kidogo ya mama na kusema mapema, kwa heshima, kwamba mama anasikia na anaelewa ila anahitaji muda wa kujibu. Mara nyingi daktari hugeuza kiti chake akamtazama yeye. Kwa asiyesikia vizuri, omba msemaji aketi mbele yake penye mwanga ili auone mdomo wake, na aseme kwa sauti ya kawaida iliyo wazi badala ya kupiga kelele.

Baada ya hapo tulianza kushughulikia idadi ya safari zenyewe. Mama alikuwa na kadi ya presha, kadi ya macho na kadi ya mazoezi tiba, na kila idara ilikuwa na siku yake ya wiki bila kujua kwamba zote zinamwita mtu mmoja anayebebwa kwenye kiti. Ombi la mdomo halikufika mbali. Muuguzi mwema aliyelikubali alikuwa zamu nyingine tuliporudi. Lililofanya kazi ni barua ya ukurasa mmoja iliyobaki ndani ya faili. Iliandikwa jina na umri wa mgonjwa, hali yake ya ulemavu, namna anavyosafirishwa na saa anazotumia njiani, kisha maombi mawili: kliniki zote ziwekwe siku moja kadiri inavyowezekana, na dawa zitolewe za miezi kadhaa kwa pamoja hali yake ikiwa imetulia. Mganga wa zahanati yetu aliongeza aya ya kuthibitisha. Ombi la pili lilikubaliwa kwa sharti kwamba presha ipimwe kijijini na kuandikwa, na sharti hilo lilikuwa la haki.

Kupima nyumbani kuna adabu yake, na bila adabu hiyo namba hazina maana. Mgonjwa aketi kwa utulivu dakika tano, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili ziwe chini, kibofu kiwe kitupu, mkono uliovalishwa kipimo ulale usawa wa moyo, na asizungumze wakati wa kupimwa. Kwa aliyepata kiharusi tumeelekezwa kutumia mkono usiolegea. Tunaandika tarehe, saa, namba zote mbili, na kama dawa zimekwisha kumezwa au bado. Safu hiyo ya mwisho niliiongeza mwenyewe, na ndiyo ambayo daktari huisoma kwanza sasa. Daftari hilohilo lina orodha ya dawa zote, pamoja na zile za maumivu ambazo watu hununua dukani bila kumwambia mtu, kwa kuwa baadhi yake hupandisha presha na kuumiza figo za wazee.

Upande wa kiti cha magurudumu tulijifunza kwa gharama. Mama alipewa kiti cha msaada, kipya, kinachong’aa, na tulikipokea kwa furaha. Kilikuwa kipana mno kwake, hivyo aliegemea upande uliolegea hadi ubavu ukamwuma. Hakikuwa na mto wa kupunguza mgandamizo, na magurudumu yake madogo ya mbele yalizama kwenye mchanga hatua chache kutoka mlangoni. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008 kuhusu viti vya magurudumu katika mazingira yenye uhaba wa rasilimali unasisitiza kwamba mtumiaji apimwe, kiti kirekebishwe kimfae, naye na walezi wake wafundishwe kukitumia, kisha afuatiliwe. Kiti kinachoshushwa kutoka kwenye lori na kupigwa picha bila hatua hizo kinaweza kuleta kidonda badala ya kukizuia. Ukipewa kiti, uliza nani atakipima, vipuri vitatoka wapi, na gurudumu lipi linafaa ardhi ya kwenu. Fundi wa baiskeli alitubadilishia yale ya mbele na kuweka mapana, na mtaalamu wa mazoezi tiba akapunguza upana wa kiti kwa mbao na godoro la sponji.

Zahanati yetu nayo ilikuwa na njia ya mteremko iliyojengwa kwa nia njema lakini ikiwa kali kiasi kwamba watu wawili walihitajika kusukuma kiti na mmoja kukizuia kisirudi. Kipimo kinachopendekezwa kwa kawaida ni kimo 1 kwa urefu 12. Ngazi tatu za sentimita 15 kila moja zina kimo cha sentimita 45, kwa hiyo njia yake inahitaji urefu wa mita 5.4, wakati iliyojengwa haikufika hata nusu yake. Nilipeleka hesabu hiyo kwenye kamati ya zahanati ikiwa imechorwa kwenye karatasi. Wajumbe hawakuwa wabishi. Hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba kuna kipimo. Fundi aliirefusha kwa kuikunja ubavuni mwa jengo.

Kamati hiyo ndiyo iliyofungua mlango wa jambo kubwa zaidi. Tulikuwa tunajiuliza kwa nini mama asafirishwe hadi hospitali kwa dawa za presha ambazo ni za kawaida na za bei nafuu. Mganga alitueleza jinsi dawa zinavyoagizwa: kituo huomba kwa kufuata kiasi kilichotumika kipindi kilichopita. Wagonjwa wa presha na kisukari wa kijiji chetu, wakijua kwamba dawa zao hazipo zahanati, walikwenda moja kwa moja hospitali au walikaa nyumbani. Kwa hiyo rejesta ya zahanati ilionyesha karibu hakuna mgonjwa, na kwa kuwa hakuna mgonjwa, dawa hazikuagizwa. Uhaba ulikuwa unajizaa wenyewe. Nilihuzunika nilipotambua ni wazee wangapi walikuwa wamehesabiwa kuwa hawapo wakati wako ndani ya nyumba zao, umbali wa kuitika.

Tukaamua kuwaandikisha. Mhudumu wa afya ya jamii alipita nyumba kwa nyumba, na baadhi yetu tukafuatana naye, tukiandika wazee na watu wenye ulemavu, maradhi wanayotibiwa, dawa wanazotumia na namna wanavyoweza kufika zahanati. Palikuwa na watu ambao hata majirani walikuwa wamewasahau: kijana asiyesikia ambaye hakuwahi kwenda hospitali bila mama yake kumtafsiria, na sasa mama yake ni mzee asiyeweza kutembea; na mwanamke mwingine aliyepofuka kwa mtoto wa jicho katika macho yote mawili, akiamini kuwa ni uzee tu, ilhali mtoto wa jicho, ambaye ndiye anayeongoza kwa kuleta upofu duniani, huondolewa kwa upasuaji mfupi. Orodha ile, ikiwa na mhuri wa zahanati, iliambatanishwa na maombi ya dawa. Ilichukua muda, na maombi ya kwanza yalipunguzwa, lakini dawa za presha zilianza kufika, kisha za kisukari. Baadaye daktari alikubali kuja siku moja kwa kipindi kufanya kliniki kijijini, kwa sababu sasa aliweza kuona kwenye karatasi kwamba safari yake moja inaokoa safari nyingi za watu wasioweza kusafiri.

Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978 lilizungumzia kuifikisha huduma ya msingi ya afya karibu kadiri iwezekanavyo na mahali watu wanapoishi na kufanya kazi, na kifungu cha 25 nilichokitaja kinataka vivyo hivyo kwa watu wenye ulemavu, kikitaja maeneo ya vijijini kwa jina. Ahadi hizo si mpya. Kuzisoma kwa sauti kikaoni kulisaidia, lakini naamini kwamba orodha ya majina ilisaidia zaidi, kwa kuwa kiongozi anaweza kuahirisha haki kwa ujumla wake, na ni vigumu zaidi kumwahirisha mtu anayemfahamu.

Kwa safari zilizobaki, yaani za macho, vipimo vya damu na rufaa, tuliunda kikundi cha familia zenye wagonjwa. Gari moja hukodiwa kwa siku ambayo hospitali imekubali kuwapokea wagonjwa wetu pamoja, gharama hugawanywa kwa uwezo wa kila kaya, na wasindikizaji husaidiana, hivyo hatuhitaji wawili kwa kila mgonjwa. Mweka hazina ni mwanamke mwenye ulemavu wa miguu anayejua kwa mwili wake kila kikwazo cha njia ile, na ninashauri vikundi vya namna hii viongozwe na watu kama yeye. Simu nayo imetupunguzia mengi: majibu ya vipimo na maswali madogo ya dawa humalizwa kwa kumpigia muuguzi saa aliyotuwekea. Simu haitoshi kwa kidonda, kwa mgonjwa asiyesikia, wala kwa mzee anayeona aibu kusema mbele ya mwenye simu, ambaye huenda ni mkwewe.

Kuhusu sisi walezi, nitasema wazi. Nimechoka kwa namna ambayo sikuwahi kuchoka kazini. Nimemkasirikia mama kwa kukataa chakula, kisha nikakesha nikijuta. Ndugu tuligombana juu ya pesa hadi tukanyamaziana, kwa sababu waliokuwa mbali walituma fedha wakadhani wametimiza, na tuliokuwa karibu tulitoa siku zetu ambazo hakuna aliyezihesabu. Upatanisho ulianza nilipoorodhesha kwenye daftari siku za kazi tulizopoteza pamoja na fedha zilizotumwa, tukaweza kuvitazama vyote kama mchango. Tulipanga zamu, na kila mlezi ana usiku ambao halali chumba cha mgonjwa. Mlezi akianza kumkwepa mgonjwa au kumfokea, apumzishwe kabla ya kulaumiwa.

Kazi ambayo haijakaa sawa ni ya wale wasio na mtu wa kuwasindikiza. Taratibu zote nilizozieleza zinadhani kwamba nyuma ya mgonjwa kuna mtoto wa kuandika barua, wa kushika daftari na wa kukaa nyuma ya kiti cha daktari. Katika orodha yetu wapo wazee wanaoishi peke yao, na wapo wanaowalea wajukuu wadogo, ambao kwao siku moja ya kliniki ina maana ya kuwaacha watoto bila mlezi. Kwa sasa mhudumu wa afya ya jamii huwapelekea dawa nyumbani na kuwapima, lakini ni mmoja, eneo ni kubwa, na posho yake huchelewa. Tumeomba mambo matatu kwa maandishi: mhudumu wa pili aliyefundishwa kuhudumia wazee na watu wenye ulemavu, posho inayolipwa kwa wakati, na nauli ya msindikizaji itambuliwe kuwa sehemu ya msamaha kwa mtu asiyeweza kusafiri peke yake. La kwanza limekubaliwa na mafunzo yameanza. Hayo mawili mengine bado yako mezani, na kikao kijacho cha kamati kimeyaweka mwanzoni mwa ajenda.